KAZI PASIPO MNYAPARA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Nimepewa nafasi hii nizungumze juu ya neno moja. Neno lenyewe ni la kigeni, nalo ni uanakisti. Wengi wenu mmelisikia likitumiwa kama tusi. Wafanya kazi wakiweka zana chini, au wakikataa amri isiyo ya haki, kuna watu ambao husema upesi, "Hiyo ni anakia," na maana yao ni fujo, mawe, na maduka kuvunjwa. Leo nataka kuwaeleza maana nyingine, ile ambayo waliojiita waanakisti walikuwa nayo wenyewe. Maana hiyo ni watu kufanya kazi pamoja kwa mapatano, bila mtu kusimamiwa kwa fimbo.

Sikuja kumwandikisha mtu katika chama cha siasa. Nimekuja kuuliza swali ambalo linatuhusu sisi wenye kadi za chama hiki: je, umoja wetu unasimama kwa miguu yetu wenyewe, au umeegemea mkubwa fulani?

Kwanza nitawaonyesha kwamba neno hili si geni kwetu kama tunavyodhani. Kila tarehe 1 Mei tunapumzika, tunafanya maandamano na kusikiliza hotuba. Ni wangapi wanajua siku hiyo ilitoka wapi? Tarehe 1 Mei 1886 maelfu ya wafanya kazi katika miji mingi ya Marekani waligoma wakitaka siku ya kazi iwe ya saa 8. Mjini Chicago, tarehe 3 Mei, polisi waliwapiga risasi wafanya kazi karibu na kiwanda cha McCormick na kuua watu. Kesho yake usiku ukafanywa mkutano mahali panapoitwa Haymarket. Polisi walipokuja kuutawanya, mtu akatupa bomu. Polisi 7 walikufa, na watu wengine pia walikufa kwa risasi. Mtu aliyelitupa bomu lile hajulikani mpaka leo.

Hata hivyo watu 8 walishtakiwa, na wote walikuwa waanakisti. Wengi wao hawakuwapo hata mahali pale bomu lilipolipuka. Walihukumiwa zaidi kwa maneno waliyosema na waliyoandika. Tarehe 11 Novemba 1887 wanne walinyongwa: Albert Parsons, August Spies, Adolph Fischer na George Engel. Wa tano, Louis Lingg, alikufa gerezani siku moja kabla. Mwaka 1893 gavana wa jimbo lile, John Peter Altgeld, aliwafungua watatu waliosalia, akasema wazi kwamba kesi ile haikuwa ya haki. Mwaka 1889 wajumbe wa wafanya kazi wa nchi nyingi walikutana Paris wakapatana kwamba tarehe 1 Mei ya mwaka uliofuata iwe siku ya kudai saa 8 kila mahali. Basi, ndugu zangu, likizo ile tunayoifurahia ilipatikana kwa damu, na sehemu ya damu hiyo ilikuwa ya watu walioitwa kwa jina hili ambalo leo ni tusi.

Sasa, waliamini nini? Neno lenyewe limetoka katika Kiyunani, na maana yake ni pasipo mtawala. Hawakusema pasipo utaratibu. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Utaratibu uko wa namna mbili. Upo utaratibu wa woga: mnyapara anasimama mlangoni na daftari, na kila mtu anainama juu ya kazi yake, mnyapara akienda kunywa chai, nyundo zinanyamaza. Na upo utaratibu wa mapatano: watu wamekubaliana nani atashika wapi, na kazi inakwenda hata kama hakuna wa kuwatazama. Waanakisti walisema kwamba namna ya pili inawezekana, na kwamba ndiyo inayomfaa mwanadamu.

Mtu aliyelieleza jambo hili vizuri kuliko wengi ni Mrusi, Peter Kropotkin. Alizaliwa Moscow mwaka 1842 katika nyumba ya kitajiri, na baba yake alikuwa na watu wengi waliotumikishwa kama mali. Kijana huyu angeweza kukaa kwa starehe katika mji wa mfalme, lakini alipokuwa ofisa wa jeshi alichagua kwenda Siberia, nchi ya baridi kali, akakaa huko miaka 5. Aliona kwamba amri zilizotoka mbali, kwa wakubwa wasioijua nchi, mara nyingi hazikufanya kitu; na kwamba kazi kubwa ilifanywa na watu wa kawaida walioelewana wao kwa wao. Mwaka 1872 alikwenda Uswisi, akakaa na mafundi wa saa katika milima ya Jura. Mafundi wale walikuwa na chama chao, na kila mmoja alikuwa na neno la kusema katika mkutano, si viongozi tu. Alipotoka huko alikuwa mwanakisti.

Siku zile wataalamu fulani walikuwa wakisema kwamba viumbe vyote huishi kwa kupigana, mwenye nguvu anamla mnyonge, na ndivyo dunia ilivyo. Matajiri wengi walipenda sana mafundisho hayo! Kropotkin akajibu kwa kitabu kilichotoka mwaka 1902, juu ya kusaidiana. Hakukana kwamba viumbe hupigana. Alisema tu kwamba viumbe wanaosaidiana ndio wanaodumu zaidi. Mfano wake mmoja utawapendeza watu wa pwani. Mwaka 1882, katika nyumba ya kuonyesha samaki huko Brighton, Uingereza, alimwona kaa mmoja wa aina kubwa yenye gamba zito kama karai. Kaa yule alipinduka chali pembeni mwa birika, na chuma kilichokuwapo kikamzuia kujigeuza. Wenzake wakaja kumsukuma. Walipokaribia kumsimamisha, akaangukia kile chuma tena. Wakajaribu mara nyingi. Mmoja akashuka chini ya maji akarudi na wawili wengine. Kropotkin alitazama kwa saa 1, na alipopita tena hapo wakati wa kuondoka, kazi ya kumwokoa ilikuwa bado ikiendelea. Kaa wale hawakuwa na mnyapara, wala katibu, wala kadi.

Na kwa ndugu zetu wa reli nitatoa mfano wake mwingine. Katika kitabu cha 1892 alionyesha kwamba gari la moshi lilitoka upande mmoja wa Ulaya likafika upande mwingine, likipita juu ya reli za kampuni nyingi na nchi nyingi, na hapakuwa na mfalme wa reli zote za Ulaya. Kampuni zilipatana kwa barua na kwa wajumbe. Mjumbe alirudi kwao na shauri, si na amri. Hivyo ndivyo waanakisti walivyotaka mambo yote yaende: kikundi kidogo kinachojitawala, kikapatana na kikundi kingine, na hicho na kingine, mpaka kazi kubwa ifanyike.

Lakini kwa nini tuende Ulaya? Sisi wenyewe tumelelewa katika jambo hili. Wakikuyu wana ngwatio, Wakamba wana mwethya, Wakisii wana risaga. Watu wanakusanyika shambani kwa mmoja leo, kesho kwa mwingine. Hapana polisi anayewatoa nyumbani. Ukiniuliza, "Na mvivu je?" jibu liko katika desturi yenyewe: asiyekwenda kwa wenzake, siku ya shamba lake atajikuta peke yake na jembe. Lakini tusizisifu desturi zetu kupita kiasi. Kulikuwa na wazee waliosema neno na wengine wakanyamaza, na wanawake mara nyingi walibeba mzigo mkubwa kuliko sauti waliyopewa. Tuchukue kilicho chema, na hicho kingine tukitengeneze.

Sasa nakuja katika jambo ambalo nataka mlishike. Tarehe 13 Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa waligoma: makuli wa bandarini, watu wa reli, watumishi wa mahoteli na wa majumbani. Walikuwa kama 15,000, na mgomo ulidumu siku 12. Chama kilichowaunganisha, African Workers Federation, kilizaliwa siku zile zile za mgomo. Watu wale hawakuwa waanakisti, na sitaki kuwavika kofia isiyo yao. Lakini tazameni walichokifanya: watu wa makabila mbali mbali na kazi mbali mbali, katika nchi iliyotawaliwa na wageni, walipatana bila mkubwa kuwaruhusu.

Kisha serikali ya kikoloni ikafanya hesabu yake. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo ilimkamata rais wa chama, Chege Kibachia, ikampeleka mbali, Kabarnet, akazuiliwa huko kwa miaka mingi. Na chama kile, kilichotikisa bandari nzima, kikadhoofika. Kibachia hakuwa na kosa lo lote katika hilo. Yeye alilipa kwa maisha yake. Lakini sisi tulio nyuma yake lazima tujiulize: kwa nini kumkamata mtu mmoja kulitosha kuwadhoofisha watu maelfu?

Weka mfano wa pili kando ya huo. Tarehe 15 Mei 1950 Makhan Singh na Fred Kubai, viongozi wa East African Trade Union Congress, walikamatwa. Serikali ilidhani mambo yamekwisha. Badala yake wafanya kazi wa Nairobi waligoma, na mgomo ukaendelea zaidi ya juma moja hali viongozi wako kizuizini. Ni kweli kwamba mwisho wake ulivunjwa kwa nguvu, na Makhan Singh hakufunguliwa mpaka 1961. Lakini siku zile ilionekana kwamba umoja ulikuwa umekwisha kuingia ndani ya watu, haukukaa tena katika ofisi tu. Hayo, ndugu zangu, ndiyo maana ya somo letu la leo. Umoja uliomo kichwani mwa mtu mmoja hufungwa pamoja naye. Umoja uliomo katika mazoea ya kila mtu hauna mlango wa kupigwa kufuli.

Mjerumani mmoja, Gustav Landauer, aliandika jambo linalofanana na hilo mwaka 1910. Alisema kwamba serikali si kitu kama nyumba, hata uichukue nyundo uibomoe. Serikali ni namna watu wanavyokaa wao kwa wao. Na itaondoka siku watu watakapokaa kwa namna nyingine. Landauer aliuawa na askari mjini Munich mwezi wa Mei 1919, lakini neno lake lina kazi kwetu. Kwa maana hiyo uanakisti hauanzi bungeni wala barabarani. Unaanza kwangu mimi: ninavyomtendea aliye chini yangu, na ninavyotimiza ahadi ambayo hakuna wa kunilazimisha niitimize.

Natutazame nyumbani kwetu. Yuko mfanya kazi anayesimama mkutanini kumlaani mnyapara, watu wakampigia makofi. Akifika nyumbani, binti anayemlelea watoto hajalipwa tangu mwezi uliopita, na akiuliza anatishwa. Sheria ya mishahara ya chini katika Kenya inamhusu binti huyo pia. Yuko fundi wa kudumu anayemtuma kibarua sigara na maji, na hali anajua kibarua hana barua ya kazi wala siku ya kupumzika. Watu hao hawakumchukia mnyapara. Wanataka kiti chake. Na tajiri anajua hivyo, ndiyo maana huwapata wanyapara wake miongoni mwetu.

Mtaniuliza, na ni haki yenu kuniuliza: pasipo serikali, nani atamzuia mwizi? Nani atamlazimisha tajiri alipe? Sitawadanganya. Waanakisti hawakulijibu swali hilo kwa namna inayoniridhisha. Wengine wao walichukua njia mbaya ya kuua watu. Mmoja aliyejiita mwanakisti, Leon Czolgosz, alimpiga risasi Rais McKinley wa Marekani mwaka 1901, na mfanya kazi hakupata hata senti kwa tendo lile, ila mateso. Huko Barcelona, katika vita vya Hispania, Julai 1936, wafanya kazi wa chama cha CNT walichukua tramu za mji wakaziendesha wenyewe baada ya siku chache tu za vita vya barabarani. Walithibitisha kwamba dereva na fundi wanaweza kuendesha kazi bila wenye kampuni. Lakini Novemba mwaka ule ule wanne wa chama hicho waliingia serikalini kuwa mawaziri, kwa sababu vita viliwabana. Na mwaka 1939 Franco akawashinda wote. Mambo hayo si mepesi.

Hapa kwetu, Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanya kazi haki ya malipo ya haki, haki ya kujiunga na chama, na haki ya kugoma. Mimi siko tayari kuitupa sheria hiyo, na yeyote atakayeniambia niitupe nitamwuliza anafanya kazi wapi. Lakini kumbukeni utaratibu wa mambo. Watu wa Mombasa hawakungoja Katiba mwaka 1947. Kwanza watu walipatana. Sheria ilikuja nyuma ikaandika yale ambayo watu walikwisha kuyashika. Na hata leo karatasi haigomi. Kifungu cha 41 hakiwezi kusimama kando yako tajiri anapokuita peke yako ofisini. Anayeweza kusimama ni mwenzako wa mashine ya pili, naye atasimama ikiwa jana ulisimama kwa ajili yake.

Sasa niseme jambo linalouma kidogo. Chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 ada zetu hukatwa katika mshahara na kupelekwa kwa chama moja kwa moja. Ni jambo la faida. Mwekahazina halazimiki tena kuzunguka na kitabu cha stakabadhi siku ya mshahara. Lakini lina hatari yake. Zamani mwekahazina aliyekuja kuomba ada ilimpasa kujibu maswali: fedha za mwezi uliopita zilifanya nini? Leo fedha zinafika hata kama hakuna mwanachama mmoja aliyekanyaga mkutanini. Chama kinaweza kuishi bila wanachama, kama vile mti uliooza ndani unavyoweza kusimama mpaka siku ya upepo. Tunalalamika kwamba maofisa wamekuwa wakubwa. Nani aliwafanya wakubwa? Tuliwaachia funguo, hesabu, maneno, na mwisho tukawaachia hata kufikiri.

Kwa hiyo nina mashauri manne. Hayatahitaji kibali cha mtu ye yote.

La kwanza, kila idara iwe na watu watatu, si mmoja, wanaojua mapatano yetu na tajiri kifungu kwa kifungu. Mjumbe wetu akihamishwa au akifukuzwa kazi, elimu isihame naye.

La pili, hesabu za tawi zisomwe kwa sauti kila mkutano, kwa Kiswahili chepesi, na mtu aulize bila kuambiwa kwamba analeta fitina. Ofisa mwaminifu hapotezi kitu kwa kuulizwa. Maswali ndiyo ngao yake.

La tatu, uenyekiti wa mikutano midogo ya idara uzunguke. Leo fundi, mwezi ujao kibarua, mwezi wa tatu mama wa jikoni. Mtu hajifunzi kuogelea kwa kumtazama mwenzake baharini. Cheo katika chama ni kutumwa, na anayetumwa hurudi kutoa habari kwa waliomtuma.

La nne ni la kila mtu na moyo wake. Mwenzako akiugua, mwende wawili wawili kumtazama bila kungoja barua ya katibu. Ukisema utakuja saa 10, uje saa 10. Ukipewa madaraka juu ya mtu, iwe nyumbani au kazini, mtendee kama ulivyotaka mnyapara akutendee wewe. Hayo ni mambo madogo, lakini ndimo umoja unamojifunzwa. Mtu asiyeweza kutimiza ahadi ndogo kwa mwenzake mmoja hataweza kusimama siku 12 pamoja na watu 15,000.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Ni kweli, lakini vidole havikuamriwa na gumba vikutane. Vinakutana kwa kuwa ni vya mkono mmoja. Ndugu zangu, mkutano wa idara zote utafuata baada ya chai. Shauri langu ni kwamba msitoke hapa kabla kila idara haijataja majina yake matatu. Mwenyekiti ameniruhusu kuliweka jambo hilo mbele yenu, na uamuzi ni wenu.